Kitabu Chako Nimekiuza, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuitikia, lakini mwenyewe ulinifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni samansi, na hii sitaki ianze kama samansi. Itafika huko yenyewe.

Nakuandikia wazi, bila bahasha, kwa sababu lililotokea kati yetu halikutokea chumbani. Lilitokea barazani, watu wamekaa, kahawa inazunguka. Walionisikia nikisoma siku ile wengine bado wapo hapahapa Mtoni, tunapangana nao kwenye foleni ya unga wa njano. Nataka na hii waisikie.

Arobaini yako ilipopita, nyumba ilikwenda kwa mama mdogo, mkeo wa pili, na wanawe. Sikudai kitu. Mzee Mtopa, rafiki yako wa baraza, akaniita mbele ya watu akanikabidhi kitabu chako cha sheria, kimefungwa ndani ya kanzu yako kuukuu. Akasema, "Marehemu alisema hiki ni cha Somoe, maana ndiye aliyekisoma." Watu wakaguna kwa kupendezwa. Mama mdogo akacheka kidogo, akanambia, "Haya Somoe, kakisonge ugali ule na wanao."

Nilicheka na mie. Nilikuwa na Zuhura mgongoni anaumwa macho, na Pili mkononi analilia andazi. Nikakibeba kitabu kichwani mpaka nyumbani.

Unajua nilivyokipenda. Ulikipata wakati Waingereza wanafungasha virago, pale mahakamani ulipokuwa karani. Hakimu mmoja wa Kizungu alikuwa akigawa vitu asivyoweza kusafiri navyo. Wenzako wakachukua viti na taa, wewe ukachukua kitabu. Ngozi ya kahawia, maandishi ya dhahabu mgongoni, kimechapwa Bombay kabla hujazaliwa. Ulikiweka juu ya kabati, na hakukishusha mtu ila wewe. Sie wengine kukigusa tu mpaka tunawe mikono kwa sabuni, na ulikuwa ukinusa viganja vyetu kuhakikisha.

Jioni ulinikalisha mapajani ukanisomesha humo. Wenzangu shuleni walisoma habari za sungura, mie nasoma habari za dhamana na mashahidi. Kidole chako kilikuwa na doa la wino lisilotoka, ukikipitisha chini ya mstari polepole ili nikifuate. "Usikimbilie," ulikuwa ukiniambia. "Neno la sheria linatembea, halikimbii." Siku nilipomwaga chai kwenye jalada la faili lako ulilokuja nalo nyumbani, nilidhani utanichapa. Hukunichapa. Ulianika zile karatasi kwenye kamba ya nguo moja moja, ukaniambia jambo ambalo sikulisahau: karani hachani karatasi. Ikiwa na kosa, anapiga mstari juu ya kosa, lakini karatasi inabaki. Nilikuona mtu mkubwa sana siku ile.

Na watu walikuja. Kutoka Mbagala, kutoka Keko, wenye kesi za mipaka, za mbuzi, za posa zilizorudishwa. Ulikuwa ukishusha kitabu, unavaa miwani, unasoma Kiingereza kwanza ili wakiogope, halafu unafasiri. Mama ndiye aliyekuwa akileta kahawa. Ndiyo maana alikuwapo siku ulipomsomea yule mwanamke wa Mbagala aliyeachwa na watoto watatu. Ulimsomea sheria kwamba mwanamume mwenye uwezo akitelekeza mke au mtoto, hakimu anaweza kumwamuru atoe matunzo kila mwezi, na akikaidi anafungwa. Mume wa yule mwanamke alipopelekewa habari kwamba iko kitabuni, alileta pesa mwenyewe kabla ya kuitwa. Yule mama akatuletea jogoo. Tulikula jogoo yule sie wote, na Mama alikusifu mpaka ukamwambia anyamaze.

Halafu Uhuru ukaja, ukapandishwa cheo, ukamleta mama mdogo. Hilo sikulaumu, wanaume wengi walifanya. Lakini Mama ulimtoa. Ulimtoa na mkeka, sufuria mbili, na Hamisi wa miezi saba mgongoni. Mie ulinibakiza, ukasema mtoto wa shule hahamishwi. Mama akaenda kukaa kwa kaka yake Ukonga, akawa anauza vitumbua kwa watu wanaokwenda kuwaona wafungwa wao. Miezi mitatu ikapita hujampelekea hata kopo la maziwa.

Ndipo akaja siku ile, alasiri. Hakupanda barazani. Alikaa chini, kwenye kizingiti, kama mgeni, katika nyumba aliyoisiriba kwa mikono yake. Wazee walikuwapo, Mzee Mtopa na wenziwe wanne, wewe uko kwenye kiti chako cha kamba. Akasema, "Wazee wangu, sitaki anirudishe. Nyumba sitaki. Nataka asome kile alichomsomea yule mwenzangu wa Mbagala, basi. Akishasoma, mtasema nyie."

Wewe hukukasirika. Uliinuka, ukashusha kitabu, ukasema kwa upole, "Nikisoma mie mtasema naficha. Asome mtoto. Mtoto hana upande."

Ukaniita.

Nilifurahi, Baba. Hilo ndilo linalonila mpaka leo. Nilikuwa darasa la tano, nimenawa mikono mpaka viwiko, wazee watano wananitazama. Ulinifungulia mahali penyewe, ukaweka kidole, ukaniambia nisome vichwa vya kila sheria, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho wa sura, nawe utafasiri. Nikasoma. Nilisoma vizuri, sauti yangu inafika barabarani. Nilipofunua ukurasa mmoja, maneno hayakuungana. Mstari wa mwisho wa upande ule ulikuwa unakwenda mahali, na mstari wa kwanza wa upande huu ulikuwa unatoka mahali pengine kabisa. Nikasita, nikakutazama.

Ukasema, "Endelea."

Nilidhani kosa ni langu. Kiingereza changu chenyewe kilikuwa cha kuokoteza, na wewe ulikuwa karani wa mahakama. Nikaendelea mpaka mwisho wa sura. Hapakuwa na mke aliyeachwa humo, wala mtoto wala matunzo.

Mzee Mtopa akamgeukia Mama. "Umesikia, Mama Somoe? Kasoma mwanao mwenyewe."

Mama hakukutazama wewe. Alinitazama mie, kwa muda, kama mtu anayehakikisha sura. Akakaza kanga ya mgongoni, akasema, "Nimesikia." Akaondoka.

Hamisi hakumaliza mwaka. Sisemi umemuua wewe. Surua ilichukua watoto wengi msimu ule. Nasema maziwa hayakuwapo, na mtoto mdhaifu surua haimwachi.

Tangu siku ile Mama hakunipa tena karatasi nisome. Kila nilipokwenda Ukonga alinipokea, alinisuka nywele, alinifungia vitumbua vya kurudi navyo. Lakini barua zake zikija kutoka kwao Lindi, alizipeleka kwa mke wa mwalimu, nyumba ya nne. Mie nimekaa pale, nina cheti cha darasa la saba, na Mama anajitanda kanga kwenda kusomewa na jirani. Nilimwuliza siku moja, kwa nini asinipe mie. Akasema, "Wewe pumzika." Miaka kumi na miwili, Baba, nimekuwa nikipumzika.

Sasa nikuambie nilivyokiuza.

Baba Pili yuko kwenye kambi ya reli mpya, huko bara, na barua yake ya mwisho ilikuja kabla ya mfungo. Mwaka huu mtaani kwetu kumeanzishwa kikundi cha ushirika cha kushona sare za shule. Balozi wetu wa nyumba kumi aliniandika jina, akanambia, "Ndugu Somoe, sharti moja tu, kila mwanachama aje na cherehani yake." Cherehani sina. Nilichonacho ni kitabu. Kuna mtu akanielekeza kwa mzee mmoja wa Kihindi mjini, wakili mstaafu anayenunua vitabu vya zamani, ana chumba nyuma ya duka la mashuka. Jina lake Hirji.

Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Alitazama kitabu kabla ya kunitazama mie. Akaenda kunawa mikono, akajifuta mpaka katikati ya vidole, nami nikakuona wewe. Akatandika kitambaa cheupe mezani, akakilaza kitabu kama anavyolazwa mtoto mchanga. Akaniambia, "Huyo wa mgongoni mkalishe kule. Mkojo wa mtoto na ngozi ya ndama havipatani."

Hakukifungua. Kwanza alikinusa. "Hakijalala mahali pa maji," akasema. Akapapasa mgongo, akauvuta kidogo kwa kucha kuona kama uzi wa ndani unashika. Akatazama kona zote nne. "Mende wamelamba gundi hapa, si neno. Madoa haya ya kahawia ni uzee, hata mie ninayo." Alifurahia muhuri wa mahakama, akafurahia maandishi madogo ya hakimu pembeni. Akasema vya namna hii vilivyobaki nchini anavijua, havimalizi vidole vya mikono miwili, na akataja bei. Bei hiyo ilikuwa cherehani mpya ya miguu, na nauli ya kuipeleka nyumbani.

"Lakini kwanza nihesabu," akasema. "Kitabu cha sheria kikipungua karatasi moja, si kitabu tena."

Akaanza kufunua moja moja. Zuhura alilala, Pili akala kipande chote cha muhogo nilichomfungia. Mzee Hirji alikuwa akinong'ona namba kama mtu anayevuta tasbihi. Halafu hesabu ikakatika. Akarudi nyuma, akaja mbele.

"Mia mbili kumi na mbili," akasema. "Halafu mia mbili kumi na tano."

Nilisimama. Sikuwa nimeambiwa sura gani, lakini miguu yangu ilijua. Nilisogea nikaona mstari wa mwisho ule unaokwenda mahali, na mstari wa kwanza ule unaotoka pengine.

"Imechanika?" nikamwuliza.

"Haikuchanika." Alikifungua zaidi, akanionyesha kisiki cha karatasi kilichobaki kwenye uzi, chembamba, kimenyooka. "Hii ni rula na wembe. Mtoto hachani hivi, mama. Huyu ni mtu anayeheshimu karatasi."

Nilitaka kuondoka. Yeye akawa ameshahamia kwenye jalada la nyuma, anapapasa kwa kidole gumba, anagonga. "Hapa pamenenepa kuliko mbele," akasema. Akalainisha pembe kwa pamba yenye maji, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akanitazama juu ya miwani. "Uji wa muhogo. Bombay hawabandiki vitabu kwa muhogo."

Aliibandua kwa kisu butu cha siagi, nusu saa nzima, na chini ya karatasi ya jalada ilikuwapo. Nzima, haijakunjwa. Ukurasa wa mia mbili kumi na tatu na wa kumi na nne. Hukuichoma wala hukuitupa. Karani hachani karatasi.

Niliisoma palepale, nimesimama. Kiingereza changu sasa kinatosha. Iko kama ulivyomsomea yule mama wa Mbagala: mke, mtoto, mwenye uwezo, kila mwezi. Mzee Hirji aliniambia kitabu hiki kilikuwa kimeshapitwa na vingine hata siku hizo, mahakamani wasingekifungua. Nikamwambia sie hatukwenda mahakamani. Kwetu mahakama ilikuwa baraza lako, na sheria ni ile iliyoko juu ya kabati.

Akasema ataishona ilipotoka, na bei itabaki ileile. Nikamwomba siku moja. Akasita sana. "Karatasi namna hii ikitoka mlangoni hairudi," akasema. Nikamwachia kitabu chote awe na amani. Nikaweka karatasi katikati ya magazeti mawili, nikaenda Ukonga.

Mama alikuwa anaosha vikaango. Nilimwamkia, nikamwambia akaushe mikono. Nikamwambia, "Mama, nataka nikusomee kitu." Akasema ana kazi. Nikasema nitangoja. Akaona kwamba sitanii, akakaa.

Nilimsomea kwanza kwa Kiingereza, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndivyo ulivyofanya wewe. Halafu nikafasiri, neno kwa neno, polepole. Nikamweleza juu ya rula na wembe, na uji wa muhogo. Akanyoosha mkono akaomba nimwonyeshe neno "mtoto" liko wapi. Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale, hakukitoa.

"Kwa hiyo siku ile haikuwamo," akasema.

"Haikuwamo, Mama. Ilikuwa imeshatolewa."

"Hukuiruka."

"Kuiruka?"

Hapo ndipo alipolia, na Mama unamjua, hakulia hata siku ya Hamisi. Akasema, "Nilikuona umesita. Ukamtazama baba yako, akakwambia endelea, ukaendelea. Nikajua umeiona na umeiruka kwa kumwogopa. Nikasema, mtoto ni mtoto, nisimlaumu. Lakini moyo ulikataa, Somoe. Kila ukishika karatasi nilikuwa nasikia sauti yako ile."

Baba, nimejaribu kuandika sehemu hii bila hasira na nimeshindwa. Nilidhani ulimnyima mke wako matunzo. Kumbe matunzo yalikuwa jambo dogo. Ulinitumia mie. Ulijua watu hawatakuamini wewe, ukamtafuta mtu wa kuaminika nyumbani kwako, ukamkuta ana miaka kumi na moja na amenawa mikono. Ulinipa maneno ya kweli tupu nisome, na kwa maneno hayo nikawa mwongo mbele ya mama yangu kwa miaka kumi na miwili, wala sikujua.

Watu watasema uliniachia kitabu makusudi, ili niikute. Mama mwenyewe amesema hivyo. Bado anakutetea, fikiria. Mie sikubali. Kama ulitaka niijue, ulikuwa na mdomo. Nilikuja kila Idi. Nilikuogesha ulipopooza upande, nikakulisha uji kwa kijiko, na mdomo ulifunguka kwa uji. Hukutubu, Baba, uliweka faili tu.

Nakumbuka kidole chako cha wino. Sikikani. Ndicho kilichonifundisha kusoma ukurasa ule ulioficha. Hayo mawili yamekaa pamoja ndani yangu na hayataki kupatana, na mie nimechoka, nina watoto wa kulea, siwezi kuyaamulia kila siku.

Jioni ile nilipotaka kurudi, nilimwambia Mama kwamba karatasi inatakiwa mjini, kwamba ndiyo cherehani. Hakukataa. Aliitazama tu, akasema, "Basi ingelala hapa leo." Nikajua nikiichukua kesho yake nitakuwa nimeitoa mara ya pili, kwa mkono wangu safari hii. Nikamwambia, "Ni yako, Mama." Ameiweka kwenye kibweta chake, chini ya kanga ya Hamisi.

Mzee Hirji alipoona nimerudi mikono mitupu alishusha pumzi. "Nilikwambia." Halafu akasema, "Unajua kwamba unaniuzia pungufu?"

"Kilikuwa pungufu nilipokirithi," nikamjibu.

Akanipa theluthi. Haikufika cherehani. Kikundi wamenihurumia, wamesema nije hivyohivyo, nitashona vifungo na pindo kwa mkono mpaka nipate yangu. Ninapokuandikia hapa vidole vimetoboka-toboka, na nina mashati arobaini ya kumaliza kabla ya Jumatatu. Silalamiki. Nakujulisha tu bei ya wembe wako imefika wapi.

Mzee Mtopa nimemfuata. Nimemsomea barua hii mpaka hapa, palepale barazani kwako, mama mdogo anasikiliza dirishani. Akasema, "Tulimsikia mtoto, tukasahau kukishika kitabu." Amesema atakwenda Ukonga kumwamkia Mama. Ni mkubwa kwake, lakini amesema atamwamkia yeye.

Nimekuombea maghufira siku ya arobaini, na nitaendelea kuomba, maana hilo ni deni la mtoto. Radhi yangu mwenyewe sijakupa. Ikija nitakuandikia.

Jambo moja la mwisho, nalo si la hasira. Jioni ile nilipokuwa nafunga kanga niondoke Ukonga, Mama aliingia ndani akatoka na bahasha ya Lindi, imekaa wiki nzima haijafunguliwa, inamngoja mke wa mwalimu. Akanisukumia mkononi kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Hebu nisomee," akasema. "Na usikimbilie."

Lala, Baba.

Mwanao uliyemwita asome,
Somoe